Kiungani: Chuo cha Makasisi wa Kwanza

Wanafunzi wa kwanza wa Kiungani hawakuomba nafasi. Walitolewa zawadi. Mwaka 1864 Sultani Majid bin Said alimkabidhi Askofu William Tozer wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, na askofu huyo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka Unguja pamoja na Dk. Edward Steere, akajikuta ana shule kabla hajawa na kanisa. Miaka 15 baadaye mmoja wa watoto wale, John Swedi, alikuwa shemasi. Miaka 26 baadaye kijana mwingine, naye aliyewahi kuuzwa utumwani, alikuwa kasisi kamili, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni ile.

Kati ya zawadi ya Sultani na kasisi yule kuna historia ya chuo ambacho leo hakipo tena mahali pake pa asili. Ukoo wake, hata hivyo, haujakatika. Unafika Minaki, unafika Dar es Salaam, unagusa Masasi, Likoma na hata ng'ambo ya Ruvuma. Waanglikana wengi wa Tanzania wanaopokea ushirika Jumapili hii kwa mkono wa padri wa dayosisi za pwani na kusini wanakula matunda ya mti uliopandwa pale, wajue wasijue.

Misheni yenyewe ilianza kwa kuanguka. Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuwasihi vijana waende Afrika ya kati. Vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikashirikiana kuunda chama kilichojulikana kwa herufi UMCA, na mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie akafika nyanda za Shire, katika Malawi ya leo. Kabla ya mwaka kwisha wamisionari walikuwa wamejiingiza katika vita vya kuwakomboa watumwa, na Januari 1862 askofu mwenyewe alifariki kwa homa. Wenzake kadhaa wakamfuata kaburini. Tozer, aliyerithi mabaki hayo, aliamua kuondoka bara kabisa na kuhamia Unguja. Livingstone alichukizwa sana. Kwake huo ulikuwa ukimbizi. Ukitazama kwa macho ya leo utaona Tozer alikuwa na hesabu yake. Wazungu walikuwa wanakufa haraka kuliko walivyoweza kujifunza lugha. Kama Injili ingefika bara, ingebebwa na watu wa bara wenyewe, na mahali pa kuwapata watu wa bara wa kila kabila kwa wakati mmoja palikuwa pamoja tu pwani yote: mji wenye soko kubwa la watumwa.

Hapo ndipo penye uzito wa historia hii, na sherehe za kumbukumbu mara nyingi hupaepuka. Chuo cha kulea watumishi wa Mungu kilijazwa na biashara ya watu. Kila jahazi lililokamatwa na manowari za Uingereza lilileta watoto: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine waliotekwa wadogo mno hata hawakulijua jina la kijiji chao. Mkataba wa Juni 1873 ulipofunga soko la Mkunazini, na manowari HMS London ilipotia nanga Unguja mwaka 1874 kuwinda majahazi, idadi iliongezeka badala ya kupungua. Watu wazima na familia walipelekwa Mbweni, shamba ambalo misheni ililinunua mwaka 1871. Wasichana nao walisoma Mbweni. Wavulana wenye dalili za akili walipelekwa Kiungani, kusini kidogo mwa mji, kando ya bahari, ambako chuo kiliwekwa chini ya jina la Mtakatifu Andrea.

Je, mtoto wa aina hiyo anaweza kusema ameitwa? Swali hili halina jibu jepesi. Kijana aliyezaliwa kijijini, akikataa ukasisi, hurudi kwa baba yake akalime. Kijana wa Kiungani hakuwa na baba wa kurudi kwake. Chakula chake, nguo yake, jina lake jipya la ubatizo, na baadaye mke wake, vyote vilitoka mkono mmoja. Mkono huohuo ndio uliomuuliza kama anasikia sauti ya Mungu. Mimi naamini wengi wao waliisikia kweli, na nitaeleza kwa nini. Lakini si haki kuhadithia wito wao kana kwamba ulikuwa uamuzi wa mtu aliyesimama njia panda akiwa huru kwenda kushoto au kulia.

Tena njia nyingine zilikuwapo, na wengine walizifuata. Unguja ya miaka ya 1870 ilikuwa kituo cha misafara, na kijana aliyejua kusoma, kuandika na Kiingereza kidogo alikuwa mali. Henry Morton Stanley alipoondoka pwani mwaka 1874 kuvuka bara alichukua vijana wa misheni. Mmoja wao, Dallington Muftaa, alifika naye Buganda mwaka 1875. Kabaka Mutesa alimtaka abaki amsomee Biblia, naye akabaki, kijana mdogo peke yake katika ikulu ya mfalme, akifundisha kwa Kiswahili na kumwandikia Kabaka barua zake. Hakuwa shemasi wala msomaji aliyewekwa rasmi, na hakuna askofu aliyemtuma. Alikuwa mtoto aliyetoka kwenye msafara wa mvumbuzi. Lakini kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Buganda, somo la Kikristo katika ikulu ile lilishikiliwa na mwanafunzi wa misheni ya Unguja. Kama kuna ushahidi kwamba malezi yale yaliingia moyoni, ni huo: aliyatumia mahali ambapo hakuna mwalimu aliyekuwa anamtazama.

Kuhusu maisha ya kila siku chuoni tunajua zaidi kuliko tunavyojua kuhusu vyuo vingi vya zama zile, kwa sababu wanafunzi waliandika. Arthur Cornwallis Madan, aliyekuwa mwalimu wa misheni na ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili, aliwataka vijana waandike habari za maisha yao, akazitafsiri na kuzichapisha London mwaka 1887 katika kitabu alichokiita kwa jina la chuo, Kiungani. Humo mna vita vya kijijini, njaa, kuuzwa kwa nguo au kwa chakula, mwendo mrefu hadi pwani, jahazi, hofu ya Wazungu ambao waliambiwa kwamba hula watu. Ni maandishi machache sana ya karne ile ambamo mtu aliyekuwa mtumwa wa Afrika Mashariki anasema mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ilianza kutoa gazeti la Msimulizi. Liliandikwa kwa Kiswahili na vijana wenyewe pamoja na wenzao waliokwisha kutumwa vituoni, na linahesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Barua zilitoka Magila, Masasi na Nyasa: nani amebatizwa, nani amefariki, simba wamefanya nini, shule ina watoto wangapi. Mtu anayetafuta historia ya uandishi wa habari wa Kiswahili anapaswa kuanzia kwenye chuo hiki cha dini, jambo ambalo vitivo vyetu vya uandishi hulisahau.

Lugha ilikuwa Kiswahili kwa sababu ya Steere. Alikuwa mwanasheria kwa elimu, mchapaji kwa mapenzi, na mtu asiye na makuu. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, akaweka mtambo wa kuchapa ambao vijana wa misheni waliuendesha, na alipokuwa askofu mwaka 1874 alikuwa tayari anatafsiri Agano Jipya. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko, liliwekwa Krismasi ya 1873, na Krismasi ya 1879 ibada ilisaliwa ndani yake. Steere alifariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891 ikiwa imekamilishwa na wengine. Kwa mwanafunzi wa Kiungani maana yake ilikuwa hii: alisali, akafundishwa na akafikiri juu ya Mungu katika lugha ambayo haikuwa ya mama yake wala ya mwalimu wake. Wote wawili walikuwa wageni ndani yake. Hilo lilipunguza kidogo umbali kati yao. Kidogo tu.

Njia ya kwenda madhabahuni ilikuwa ndefu. Kwanza kijana aliangaliwa darasani. Aliyeshindwa kusoma alihamishiwa kwenye ufundi, akawa seremala, mwashi au mchapaji. Aliyefaulu alitumwa kuwa mwalimu kituoni, miaka kadhaa, chini ya macho ya padri. Kisha msomaji. Kisha, kwa baadhi, shemasi mdogo, daraja ambalo Tozer alilifufua na ambalo John Swedi na mwenzake George Farajallah walilipokea mwaka 1870, wote wawili kutoka katika wale watano wa Sultani. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi aliwekwa shemasi kamili mwaka 1879, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo.

Na hapo alibaki. Swedi alikuwa shemasi hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa amekwenda na Steere kusini mwaka 1876 wakati watu huru wa Mbweni walipopelekwa kuanzisha makazi Masasi, alijua kazi, alijua watu, aliaminika. Ukasisi haukumfikia. Wapo watakaosema elimu yake ya teolojia haikutosha, na huenda ni kweli. Misheni hii iliongozwa na wahitimu wa Oxford na Cambridge waliokuwa na kipimo cha Oxford na Cambridge. Wapo pia mashemasi wa kudumu wasiotaka zaidi. Hata hivyo, nikilinganisha miaka ya utumishi wake na vijana wa Kizungu waliofika Unguja wakiwa makasisi tayari, bila neno la Kiswahili, naona kipimo kilikuwa kinapima kitu kingine zaidi ya utumishi.

Aliyevuka mstari ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akafika Kiungani. Misheni ilimpeleka Uingereza kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Aliporudi alioa msichana aliyelelewa Mbweni, na mwaka 1886 Askofu Charles Smythies alimweka shemasi na kumtuma Chitangali, katika nchi ya Ruvuma, miongoni mwa Wayao wenzake. Januari 1890, katika kanisa kuu la Mkunazini, aliwekwa wakfu kuwa kasisi. Mtu aliyeuzwa kisiwani alisoma misa ya ukasisi wake juu ya ardhi ya soko la watumwa. Wahubiri wameutumia mfano huo mara nyingi, na sina haja ya kuurefusha.

Kinachonivutia zaidi ni Chitangali yenyewe. Majaliwa alirudi kwenye kabila lake akiwa na kanzu nyeupe na elimu ya Canterbury, lakini pia akiwa mtu ambaye jamii ilijua aliwahi kuwa mtumwa, na kwa mila za pale hilo si doa dogo. Angeweza kudharauliwa. Badala yake alijenga kituo. Chifu wa pale, Barnaba Nakaam, alikuwa Mkristo na alimpokea, shule zilienea vijijini, waumini waliongezeka, wageni wa Kizungu waliopita walishangaa kukuta mambo yanakwenda bila Mzungu. Nadhani siri haikuwa ngumu. Majaliwa alihubiri kwa Kiyao, alijua heshima ya kumwendea mzee na namna ya kukaa barazani, na alikaa muda mrefu. Wamisionari walikuja na kuondoka kwa homa. Yeye alikuwa na mke na watoto pale, na shamba la kulima.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1890 aliondolewa akarudi Unguja. Smythies, aliyemwamini, alikuwa amefariki mwaka 1894, na maaskofu waliofuata hawakuwa na ari ileile ya kumkabidhi Mwafrika eneo zima. Hadhi ya Majaliwa haikupanda tena. Ili kuona gharama ya kusita huko, hesabu miaka: Mwafrika wa kwanza kuwa askofu Mwanglikana katika Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu Mei 1955 huko Namirembe, Kampala, pamoja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Hiyo ni miaka 65 baada ya Majaliwa kuwekwa kasisi, tena Omari alitoka upande wa chama kingine cha misheni, CMS, wa Tanganyika ya kati, si upande wa Kiungani. Chuo kilichotangulia kutoa kasisi kikachelewa kutoa askofu.

Katika muongo huohuo wa 1890 sura ya wanafunzi ilibadilika. Watoto wa majahazi walipungua, kisha mwaka 1897 hali ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja. Waliokuja sasa walitumwa na wazazi au na makanisa ya bara: Wabondei wa Magila, Wayao na Wamakua wa Masasi, Wanyanja wa ziwani. Walisafiri majuma kadhaa kwa miguu na kwa jahazi ili kufika shuleni. Hawa walikuwa na ukoo. Walikuwa na mahali pa kurudi, na kwa hiyo walikuwa na uwezo wa kukataa. Ndiyo maana nasema wito wa kizazi hiki unasomeka wazi zaidi: kijana angeweza kubaki kwao akarithi mashamba au uchifu, na bado akapanda jahazi.

Yohana Abdallah ni mmoja wao. Alikuwa Myao, akasoma Kiungani, akawekwa kasisi mwaka 1898, akahudumu Unangu, ambako sasa ni Msumbiji. Alikuwa msomi asiyetulia. Alisafiri hadi Yerusalemu. Akaandika kwa Kiyao historia ya Wayao, iliyochapwa mwaka 1919, kuhusu asili yao, biashara yao ya kwenda pwani na vita vyao, bila kuificha sehemu yao katika biashara ya utumwa na bila kuona aibu kwa ustadi wa wahunzi na wasafiri wa kabila lake. Ni nadra kumwona kasisi wa zama zile akiandika kuhusu mila za mababu kwa upendo wa namna hiyo. Kiungani haikumfundisha hilo. Ilimfundisha kuandika, na hilo likatosha.

Leonard Kamungu, Mnyanja, naye alipita Kiungani kabla ya kurudi ziwani. Aliwekwa kasisi mwaka 1909, na mwaka 1911 alikubali kwenda Msoro, katika Zambia ya leo, mbali na kwao, kwenye watu wasiomjua na lugha tofauti. Alifanya kazi pale chini ya miaka miwili akafariki ghafla mwaka 1913. Wengi waliamini alipewa sumu. Augustine Ambali, aliyekuwa mtumwa utotoni, aliandika kumbukumbu za miaka 30 ya kazi yake Nyasa. Petro Limo alihudumu Bonde. Orodha ingeweza kuendelea, lakini majina haya yanaonyesha jambo moja ambalo takwimu za misheni haziwezi kulionyesha: Kiungani ilizaa matunda yake bora pale ilipowaachilia wanafunzi wake waondoke kabisa. Waliobaki karibu na askofu walibaki wasaidizi, na walioenda mbali wakawa waanzilishi.

Mwaka 1898 alifika Unguja Frank Weston, mwanateolojia wa Oxford mwenye sauti kubwa na hasira takatifu. Karne ilipokuwa inageuka alisimamia chuo kipya cha teolojia huko Mazizini, kilichoitwa kwa jina la Mtakatifu Marko, ili wanaoandaliwa kwa ukasisi watenganishwe na wavulana wa shule. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko ulivyoonekana. Tangu hapo kuna matawi mawili: Andrea kwa walimu na wanafunzi, Marko kwa makasisi. Weston akawa mkuu wa Kiungani mwaka 1901, na askofu wa Unguja mwaka 1908.

Mengi yameandikwa juu ya Weston: ugomvi wake wa mwaka 1913 dhidi ya mkutano wa Kikuyu, hotuba yake ya mwaka 1923 mjini London juu ya Kristo aliye katika maskini, kijitabu chake cha mwaka 1920 kilichoshambulia kazi ya lazima Kenya. Kwa wanafunzi wake jambo muhimu lilikuwa dogo zaidi: aliishi nao. Alikula chakula chao na aliwasikiliza. Alikuwa mkali sana katika mambo ya ndoa na maungamo, kiasi ambacho wengine hawakukivumilia, lakini hakuwaona kama watoto.

Vita ya 1914 ilipima kilichojengwa. Bara lilikuwa chini ya Wajerumani, na wamisionari wa Kiingereza waliwekwa kizuizini, wengi wakaishia Tabora. Walimu na makasisi wa Kiafrika wa UMCA nao walikamatwa wakishukiwa kuwa upande wa adui. Walifungwa minyororo, wakabebeshwa mizigo, na baadhi yao wakafa. Weston aliyaeleza mateso hayo katika kijitabu cha mwaka 1918, huku yeye mwenyewe mwaka 1916 akiwa ameongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja. Vituo havikuzimika. Viliendeshwa na wale waliobaki: wazee wa kanisa, walimu wa vijijini, wake wa makasisi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wasichana wa Mbweni, waliofundishwa chini ya Caroline Thackeray kwa karibu robo karne, walikuwa wameandaliwa kuwa walimu na wake wa walimu. Katika miaka ile ya vita ndipo ilipoonekana kuwa chuo cha makasisi kilikuwa na ubavu wa pili, na kwamba ubavu huo haukupewa nafasi yake katika vitabu.

Mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama Unguja kwenda Minaki, Kisarawe. Jina likahama nacho. Minaki ilikua haraka kuwa shule ya sekondari yenye sifa, ikiwa na hospitali na mafunzo ya uganga pembeni. Hapo wito ukapata mshindani mpya. Zamani kijana mwerevu wa misheni alikuwa na njia mbili, ualimu au ukasisi, na zote mbili zilipita kanisani. Sasa serikali ya Waingereza ilitaka makarani, waganga wasaidizi, wakalimani. Mshahara wa karani ulimpita wa padri kwa mbali, na karani hakuhojiwa juu ya ndoa yake. Mzazi aliyekuwa radhi mwanawe awe mtumishi wa Mungu alianza kufikiri mara mbili. Kilio cha dayosisi nyingi leo, kwamba vijana wenye ufaulu mzuri hawaji chuo cha teolojia, hakikuanza juzi.

Kusini, mambo yalichukua mkondo wa pekee. Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas, na makasisi Waafrika waliolelewa katika ukoo wa Kiungani walifanya naye kazi ngumu ya kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Mara nyingi Lucas hupewa sifa zote. Lakini askofu Mwingereza hawezi kujua kipi katika jando kinaweza kubaki na kipi hakiwezi. Anayejua ni padri aliyetahiriwa jandoni mwenyewe. Kazi ile ilikuwa teolojia hai, iliyofanywa msituni na watu waliosoma katekisimu Unguja na kusikia mafunzo ya wazee kwao. Chuo cha Mtakatifu Cyprian, ambacho makao yake ni Rondo, mkoani Lindi, kimeendelea kuwalea makasisi wa upande huo.

Uhuru ulipokuja, kanisa lenyewe lilibadilika umbo. Jimbo la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1960. UMCA ikaunganishwa na chama kingine cha misheni mwaka 1965 na jina lake likafifia. Mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo linalojitegemea, John Sepeku akiwa askofu mkuu wa kwanza. Shule za misheni zilitaifishwa. Minaki ikawa ya serikali, na mpaka leo ni shule ya sekondari inayojulikana. Tawi la Marko ndilo lililobaki mikononi mwa kanisa, likiwa Dar es Salaam, na baada ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kuanza Dodoma mwaka 2007 likawa sehemu ya chuo kikuu hicho. Mwanafunzi wa ukasisi leo anaweza kuketi darasa moja na mtu anayesomea jambo lisilohusu dini kabisa. Wapo wanaolalamika kwamba sala imepungua na mitihani imeongezeka. Wengine, nami nimo, tunaona kwamba mtu atakayewahubiria wahasibu na wauguzi hana hasara akisoma nao.

Kati ya 1977 na 1980 mkuu wa chuo cha Mtakatifu Marko, Dar es Salaam, alikuwa John Acland Ramadhani, mtu wa uzao wa Cecil Majaliwa. Kabla ya hapo alikuwa amesimamia chuo cha ualimu cha Mtakatifu Andrea, Korogwe, kwa hiyo alishika matawi yote mawili kwa zamu. Mwaka 1980 akawa askofu wa Zanzibar na Tanga, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Tanzania.

Jamaa mwingine wa jina hilo, Augustino Ramadhani, alipita jeshini hadi cheo cha brigedia, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kati ya 2007 na 2010, kisha akiwa mstaafu akawekwa wakfu kuwa kasisi katika Dayosisi ya Zanzibar. Alifariki Aprili 2020. Wasimamizi wa vyuo vya teolojia wanaotafuta vijana wa miaka 20 hawana budi kumkumbuka wanapoandika masharti ya kujiunga.